Tupike Nyama ya Chenga na Kabichi

Leo tutajifunza kupika. Ninyi wanaume, msifunge madaftari. Somo hili linawahusu nanyi, hasa wafugaji wa nguruwe na wale wanaokula nyama ya kuchoma jioni.

Chakula chetu ni nyama iliyopondwa ikawa nyembamba. Hupakwa unga, yai na chenga za mkate, kisha hukaangwa. Chenga ni vipande vidogo vidogo vya mkate mkavu. Nyama hii huwa kavu nje na laini ndani. Ukiiuma, inalia "kwaru". Pembeni huwekwa kabichi iliyopikwa polepole katika maji yake yenyewe.

Watu wa Ujerumani na Austria wanakipenda sana chakula hiki. Watu wa pwani yetu nao wana katlesi. Katlesi pia hupakwa yai na chenga, ila ndani yake mna nyama ya kusaga na viazi.

Mahitaji yote yanapatikana hapa Ufipa. Ngano inalimwa kwetu. Alizeti ya kukamua mafuta inalimwa kwetu. Kuku wa kutaga wapo. Kabichi inapenda baridi, na baridi tunayo ya kutosha mwezi wa Juni na Julai. Nguruwe nao wanafugwa katika vijiji vingi. Kama dini yako au desturi yako inakataza nguruwe, tumia nyama ya ng'ombe au ya mbuzi laini. Upishi ni ule ule. Lakini usiruke sehemu ya kwanza ya somo. Utaona sababu yake.

KUCHAGUA NYAMA

Siku tuliyosoma somo hili darasani, mama mmoja alileta nyama ya paja la nguruwe, nusu kilo, imefungwa katika jani la mgomba. Aliinunua asubuhi kwa jirani aliyechinja nyumbani. Tulipoikata tuliona vifuko vidogo vyeupe ndani yake. Vilikuwa na maji, na ukubwa wake kama punje ya mchele.

Mzee mmoja akasema, "Hayo ni mafuta tu, mwalimu. Sisi tumekula hivyo tangu utoto."

Nikamjibu, "Mzee wangu, mafuta hayana maji ndani. Hebu tazama hiki."

Nilipasua kimoja kwa ncha ya kisu. Maji yakatoka. Ndani mlibaki kitu cheupe, kidogo kama kichwa cha pini. Darasa zima likanyamaza. Kile kilikuwa mtoto wa tegu.

Tegu ni mnyoo mrefu, bapa kama utepe. Tegu wa nguruwe huishi katika utumbo wa mtu, na anaweza kufika mita kadhaa. Mtu akila nyama yenye vifuko hivyo ambayo haikuiva, mtoto wa tegu hujishika utumboni na kukua. Baada ya miezi michache vipande vya tegu vyenye mayai huanza kutoka katika choo cha mtu huyo. Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Mtu akijisaidia vichakani, nguruwe anayezurura hula kinyesi chake. Mayai huanguliwa ndani ya nguruwe, na vifuko vinaota katika nyama yake. Mzunguko unaanza upya.

Yule mama aliuliza, "Basi ukila nyama hii unapata kifafa? Watu husema hivyo."

Swali hili ni kubwa. Tulisimamisha upishi ili tulijibu.

Nyama yenye vifuko, isiyoiva, hukupa tegu tumboni. Kifafa huja kwa njia nyingine. Huja mtu anapomeza MAYAI ya tegu, yanayotoka katika kinyesi cha mtu. Mayai hayo huingia kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji machafu, au kwa mboga mbichi iliyomea mahali penye kinyesi. Ndani ya mwili watoto wa tegu husafiri kwa damu. Wengine hukaa katika nyama ya mwili, wengine katika macho, wengine katika ubongo. Wanaokaa katika ubongo wanaweza kuleta kifafa, pengine baada ya miaka mingi. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote anaweza kupata ugonjwa huu. Inatosha kuwa mtu mwenye tegu amempikia chakula bila kunawa mikono.

Si kila kifafa kinatokana na tegu. Kuna sababu nyingine nyingi. Lakini kifafa, kiwe cha sababu yoyote, hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa povu lake. Nasema hivi kwa sababu katika baridi yetu watu hukaa karibu na moto. Mgonjwa akiangukia motoni, wengine huogopa kumvuta. Mvute! Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka azinduke. Kisha apelekwe kituo cha afya. Kifafa kina dawa.

Anayeona vipande vyeupe kama utepe katika choo chake naye aende kituo cha afya. Asinunue dawa ya tegu mwenyewe dukani. Kama tayari kuna vifuko katika ubongo, dawa hiyo inaweza kumdhuru asiposimamiwa na mganga.

Nyama ya yule mama hatukuipika. Aliumia, maana fedha yake ilikuwa imekwenda. Tulichimba shimo refu tukaifukia, ili mbwa na nguruwe wasiifukue. Wanakisomo walichanga, na mwenzao mmoja akaenda kwenye bucha ambako nyama imepimwa na kupigwa mhuri. Yule jirani aliyechinja hatukumtukana. Tulimwalika darasani wiki iliyofuata, akaja.

Basi unaponunua nguruwe, uliza kama Bwana Mifugo au Bwana Afya ameipima nyama. Tazama ulimi, moyo na nyama ya bega, maana vifuko hupenda kukaa huko. Usipoviona, bado usiamini macho yako tu. Vikiwa vichache, vinaweza kumpita hata mpimaji. Kinga ya pili ni moto.

KUTAYARISHA

Kwa watu wanne utahitaji nyama isiyo na mfupa nusu kilo, mayai mawili, unga wa ngano vijiko vinne vya chakula, mkate mkavu vipande sita, chumvi, pilipili manga kidogo, na mafuta ya alizeti kikombe kimoja au zaidi. Ukiwa na ndimu, vizuri.

Mkate uwe wa juzi. Uanike juani ukauke kabisa, kisha uutwange katika kinu. Usiufanye unga. Chenga ziwe kama ulezi. Kijijini pasipo na mkate, tumia unga wa mahindi uliosagwa mkubwa mkubwa. Nimejaribu, na unakauka vizuri sana. Maandazi ya sukari hayafai, kwa sababu sukari huungua kabla nyama haijaiva.

Kata nyama vipande vinne kwa kukingamisha nyuzi zake. Weka kila kipande juu ya ubao na ukiponde kwa mchi safi, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni. Unene ubaki nusu ya kidole. Kuponda huku kuna kazi mbili. Kunalainisha nyuzi, na kunafanya moto ufike katikati upesi. Kipande kinene huungua nje huku ndani kikiwa kibichi. Hapo ndipo nyama ya kuchoma ya jioni inapotuponza. Imekatwa minene, imeliwa gizani, na mlaji hawezi kuona rangi ya ndani.

Pangusa nyama kwa kitambaa safi ikauke. Itie chumvi na pilipili manga. Sasa panga sahani tatu: ya kwanza unga, ya pili mayai yaliyopigwa, ya tatu chenga. Gaagaza nyama katika unga, ukung'ute. Ichovye katika yai. Kisha ilaze juu ya chenga na uibonyeze kidogo kwa kiganja, pande zote mbili.

Kwa nini unga utangulie? Nyama ina unyevu, na yai huteleza juu ya kitu chenye unyevu. Unga hunyonya unyevu huo, yai likashika unga, na chenga zikashika yai. Ukiacha unga, ganda lote litavuka katika mafuta, ubaki na nyama uchi na chenga zilizoungua.

Osha ubao, kisu, mchi na mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine. Yai na unga vilivyobaki vimegusana na nyama mbichi. Usiviweke. Vichanganye na chenga, uvikaange siku hiyo hiyo viive kabisa.

KABICHI KWANZA, KUKAANGA BAADAYE

Kabichi huchukua muda mrefu kuliko nyama, kwa hiyo ianze kuwekwa motoni.

Chukua kabichi moja ya wastani. Toa majani ya nje. Ipasue mara nne, uitenganishe, na uoshe jani kwa jani kwa maji safi mengi. Kumbuka yale mayai yasiyoonekana. Kuosha hupunguza, na kupika kunamalizia. Ndiyo maana katika darasa hili tunapika kabichi, hatuili mbichi kwenye kachumbari, labda kama unajua bustani ilikotoka na maji yaliyoimwagilia.

Katakata nyembamba. Kaanga kitunguu kimoja katika vijiko viwili vya mafuta hadi kilainike. Tia karoti mbili zilizokatwa, nyanya mbili, kisha kabichi na chumvi. Geuza mpaka majani yanywee. Mimina maji nusu kikombe, funika, punguza kuni. Iache dakika ishirini hadi dakika ishirini na tano, ukigeuza mara moja moja. Mwisho kamulia ndimu kidogo. Inatakiwa iwe laini, yenye mchuzi mdogo, isiyoogelea.

Ndugu zetu wa bonde la Ziwa Rukwa watasema muda huo ni mrefu mno. Wana haki. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 800 hivi. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kabla hayajapata moto sana. Pwani huchemka yakifika nyuzi 100, kwetu hapa yapata nyuzi 94. Kwa hiyo maharage na kabichi huchelewa kuiva uwandani. Kosa si la mpishi, wala si la kuni. Ila kuni zetu ni chache, maana uwanda ni wa nyasi, basi kifuniko kikae juu ya sufuria.

Sasa nyama. Mimina mafuta katika kikaango yafike nusu ya unene wa nyama au zaidi. Yapashe moto. Dondosha chenga moja. Ikizama na kunyamaza, mafuta ni baridi, na nyama itayanywa. Ikiwa nyeusi papo hapo, yamezidi. Ikielea ikitoa povu dogo dogo, tia nyama.

Tia vipande viwili tu kwa mara moja. Ukijaza kikaango, mafuta hupoa na ganda hulegea. Kaanga dakika tatu au nne kila upande, hadi rangi iwe ya mbegu za mahindi yaliyokaangwa. Geuza mara moja tu.

Toa kipande kimoja, ukate katikati, upeleke kwenye mwanga. Nyama ya nguruwe iwe nyeupe yote, na maji yake yawe maangavu. Ukiona wekundu, rudisha vyote. Usione aibu kumpa mgeni kipande kilichokatwa.

Viweke juu ya waya au chane za mianzi safi. Usivifunike wala kuvipanga kimoja juu ya kingine. Mvuke wake utalowanisha ganda, na kazi yako yote itapotea. Kula vikiwa moto.

Siku ile tulikula tukiwa tumesimama, maana sahani hazikutosha. Yule mzee alimaliza chake kwanza. Kisha akauliza kama choo cha darasa kina mlango. Tukacheka, lakini swali lilikuwa zuri, kwa sababu hakikuwa nacho. Akatukumbusha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walipokaa vikundi vikundi wakisikiliza redio na kusoma vitabu, kisha wakachimba vyoo nchi nzima. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Yeye alikuwa kijana wakati huo, na choo alichochimba na baba yake kilidumu miaka mingi. Nguruwe wake, alisema, ndio waliokuwa wakizurura. Jumamosi wanakisomo wanne walikwenda kumsaidia kujenga banda.

MANENO YA KUJIFUNZA

chenga: vipande vidogo sana vya kitu kikavu
gaagaza: geuza huku na huku katika unga
kukingamisha: kukata kwa kupita katikati ya nyuzi, si kuzifuata
tegu: mnyoo bapa wa utumboni

MASWALI NA KAZI

1. Mtu asiyekula nguruwe anawezaje kupata watoto wa tegu katika ubongo?
2. Kwa nini unga hupakwa kabla ya yai?
3. Nusu kilo ya nyama inalisha watu wanne. Wageni kumi na wawili watahitaji kilo ngapi?
4. Andika katika daftari bei ya kila kitu sokoni kwenu. Jumlisha, kisha gawanya kwa nne upate gharama ya mtu mmoja.
5. Tembeleeni nyumba tano. Hesabuni nguruwe waliofungiwa bandani na wanaozurura. Leteni hesabu hiyo darasani, bila kuandika majina ya wenye nyumba.