Somo Moja, Maswali Matatu: Siku ya Masomo Nyumbani

Shule zinapofungwa ghafla, nyumba hugeuka darasa. Machi 2020 wanafunzi kote nchini walirudishwa nyumbani kwa sababu ya korona, na wengi hawakurejea hadi Januari 2021. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi Mei 13. Swali la wazazi lilikuwa lile lile: watoto wa madarasa tofauti watafundishwaje pamoja, na kazi za nyumbani zinangoja?

Mzazi hahitaji kuendesha madarasa matatu. Anahitaji somo moja lenye swali la kila mtoto. Chukua mfano wa nyumba yenye watoto wa PP2, Gredi ya 4 na Gredi ya 8.

Saa 2:00 asubuhi: Hisabati
Maji yamekwisha kuchotwa, na mtungi wa lita 20 uko mlangoni. Huo ndio ubao wa leo.

• Wa PP2 anateka maji kwa kikombe na kuhesabu kwa sauti hadi 10.
• Wa Gredi ya 4 anatafuta vikombe vya nusu lita vinavyojaza mtungi. Jibu ni 40.
• Wa Gredi ya 8 anapiga hesabu ya wiki. Nyumba ikitumia mitungi 3 kwa siku, kila mmoja shilingi 10, gharama ni shilingi 210. Kati ya lita 60 za siku, 15 zikitumika kufulia, hiyo ni asilimia 25.

Saa 3:30: Kusoma
Mkubwa anawasomea wadogo hadithi fupi kwa dakika 20. Wa kati anaisimulia upya kwa maneno yake, na mdogo anachora alichosikia. Nyumba isiyo na kitabu cha hadithi inaweza kutumia hadithi ya nyanya au babu. Mdogo aelezwe kwa lugha anayoielewa vizuri zaidi, hata kama ni lugha ya mama.

Saa 5:00: Mapumziko na kazi za mikono
Wavulana kwa wasichana wagawiwe kazi sawa: kufagia, kuosha vyombo, kulisha kuku.

Saa 8:00 mchana: Saa ya mkubwa
Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Mtoto mkubwa, hasa msichana, huachiwa wadogo kutwa nzima. Anafundisha, anapika, anabembeleza. Jioni daftari lake halijaandikwa hata mstari. Shule zikifunguliwa, yeye ndiye aliyebaki nyuma, na aliyebaki nyuma ni rahisi kukata tamaa na kuacha masomo. Kuwasaidia wadogo kunamjenga, lakini kuwe na kikomo. Kila siku atengewe saa moja asiyoitwa wala kutumwa, wadogo wakiwa wamelala au wakicheza chini ya uangalizi wa mtu mzima.

Jioni: Mzazi anauliza
Mzazi ambaye hakusoma sana asijione hafai. Amwambie kila mtoto: "Nieleze ulichojifunza leo." Anayeeleza bila kubabaika ameelewa, anayekwama atarudia kesho. Kila daftari liandikwe tarehe, ili mwalimu aone mtoto alipofikia.

Siku nyingine mtungi unaweza kubadilishwa na gorogoro ya mahindi, kivuli cha mti au risiti ya duka. Siku ambayo mgonjwa yuko nyumbani au shamba linadai mikono, kusoma kwa dakika 20 na saa ya mkubwa vitoshe.

Masomo haya hayachukui nafasi ya shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi kuhakikisha mtoto anahudhuria masomo. Kengele ikilia tena, kila mtoto arudi darasani na daftari lake mkononi, mkubwa kwa mdogo.