Namba Hufa Kwanza, Akaunti Baadaye

Mji wa Kanyabayonga ulipoanguka vitani tarehe 28 Juni 2024, watu wa kusini mwa Lubero walikimbilia Butembo na Beni, na simu nyingi zilibaki njiani au ziliporwa. Maswali haya yanawahusu wao, ingawa hata mtu ambaye hajawahi kukimbia atajiona ndani yake.

Nimeacha Gmail yangu tangu tulipokimbia. Bado ipo?

Hesabu muda. Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, yaani barua, picha na hati, na kazi hiyo ilianza Desemba mwaka huo. Akaunti za shule na za kazini hazimo. Kusoma barua moja tu, au kutazama video ya YouTube ukiwa umeingia, kunatosha kuanza hesabu upya. Yahoo husubiri miezi 12, na WhatsApp kwa kawaida siku 120. Basi aliyetoka Kanyabayonga siku ile bila simu, asiingie tena popote, WhatsApp yake ilifikia kikomo mwishoni mwa Oktoba 2024, na Gmail yake inakifikia mwishoni mwa Juni 2026. Google hutuma maonyo kabla ya kufuta, lakini huyatuma kwenye akaunti ileile na kwenye anwani ya akiba, ambayo wengi hawakuiweka.

Kwa hiyo tatizo ni hiyo miaka 2?

Kwa maoni yangu tatizo kubwa zaidi hutokea mapema, nalo ni namba ya simu. Kwetu mara nyingi muuza simu ndiye anayemfungulia mteja Gmail ili programu zipakuliwe. Mteja huondoka na simu bila kulijua neno la siri. Mlango pekee unaobaki ni kodi inayokuja kwa SMS. Namba nayo isipowekwa uniti wala kutumika kwa miezi kadhaa, kampuni huizima, kisha huiuza kwa mtu mwingine. Saa ya namba ni fupi kuliko saa ya akaunti, kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambacho akaunti yako ingali hai huku ufunguo wake uko mfukoni mwa mgeni. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza namba 259 zilizokuwa zikitolewa kwa wateja wapya wa kampuni 2 za simu. Namba 171 zilikuwa bado zimefungwa kwenye akaunti za watu waliozimiliki kabla.

Utasema hiyo ni Marekani. Ni kweli, na siwezi kuihamishia hesabu hiyo Butembo. Lakini namba zinarudishwa sokoni kila mahali, na hapa mtu hubadili laini kati ya Vodacom, Airtel na Orange kadiri rezo inavyopatikana mlimani au bondeni. WhatsApp imejikinga kidogo: akaunti iliyolala siku 45, kisha namba yake ikawashwa kwenye simu nyingine, huondolewa taarifa za zamani. Kinga hiyo haiifikii Facebook yako wala Gmail.

Barua za zamani zina faida gani? Si bora zifutwe?

Hoja hii ina uzito. Google yenyewe ilisema akaunti zilizoachwa zina uwezekano mdogo kuliko zinazotumika, angalau mara 10, wa kuwa na uthibitisho wa hatua mbili, kwa hiyo ni rahisi kuibiwa na kutumiwa kwa utapeli. Usichokihitaji, kifute. Ila uamuzi uwe wako. Nyumba ikiungua, picha ya diploma ya serikali uliyoituma siku ya kujiandikisha chuoni inaweza kuwa nakala pekee iliyobaki, na karatasi ya shamba vilevile.

Nianzie wapi?

Anza na namba, kabla ya akaunti yoyote. Nenda kwenye duka la kampuni ya simu na kadi yako ya mpiga kura, uombe laini ya namba ileile. Ikiwa iliandikishwa kwa jina la aliyekuuzia, nenda naye. Ukishaingia kwenye akaunti kwa kodi ya SMS, weka neno la siri jipya, ongeza anwani ya pili ya barua pepe, na uandike kwenye karatasi zile kodi za akiba ambazo Google hutoa. Karatasi hiyo ikae na kadi ya mpiga kura, kwa kuwa ndiyo mtu anayoibeba anapokimbia. Google pia inakuruhusu kuchagua kimya cha miezi 3, 6, 12 au 18, na watu hadi 10 watakaopewa vitu vyako kimya hicho kikifika. Na kama namba imeshauzwa, iondoe leo kwenye kila akaunti unayoweza bado kuifungua.