SOMO: KWA NINI KIFARANGA ANAKATAA KULA?

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo limewasikitisha akina mama wengi katika vikundi vyetu. Unanunua vifaranga wa siku moja, unawawekea chakula kizuri na maji safi, na bado wengine wanasimama tu, macho yamefumba. Siku ya nne au ya tano wanaanza kufa. Majirani wanasema ati ni ugonjwa, au chakula kilikuwa kibaya.

Sisi wenyewe tulikosea hapo. Wakati mmoja tulisaidia kikundi cha akina mama kuagiza vifaranga 200. Gari lilichelewa, masanduku yakafika usiku, na jiko la bruda lilikuwa halijawashwa. Tukasema, "Si neno, tutawasha kesho." Kabla juma kuisha tulikuwa tumezika zaidi ya 60. Afisa wa mifugo alipowapasua wachache, kile kifuko cha chakula cha shingoni kilikuwa kitupu. Chakula kilikuwa mbele yao, lakini hawakula! Na kuku hao ndio waliotegemewa kulipa mkopo wa kikundi. Ndipo tukaanza kuuliza: kifaranga anajuaje kwamba ana njaa?

Njaa inaamuliwa kichwani

Chini ya ubongo wa kuku, kama ilivyo kwetu, kuna sehemu ndogo sana iitwayo haipothalamasi. Tuifikirie kama mama wa nyumba anayeamua ni saa ya kula au bado. Hupata habari kutoka tumboni, kutoka kwenye damu, na kutoka mwili mzima kuhusu joto na baridi. Kisha hutoa amri. Lakini amri zake si maneno, ni kemikali.

Ziko kemikali za kufungua hamu ya kula. Iliyo na nguvu sana ni nyuropeptidi Y. Watafiti wakimdunga kifaranga kiasi kidogo cha kemikali hiyo ubongoni, anaanza kula tena hata kama alikuwa ameshiba.

Ziko pia za kufunga hamu. Serotonini ni mojawapo. Nyingine huitwa CRF, na hiyo tuikumbuke vizuri. Mwili ukipata dhiki, ubongo hutoa CRF ili kuamsha homoni za kukabili hatari. Kemikali hiyo hiyo humwambia kifaranga: acha kula kwanza. Si hata sisi tunajua hali hii? Mtu akipata habari ya msiba, chakula hakipiti kooni.

Lakini tusifikiri kuku ni kama binadamu kwa kila kitu. Tumbo la binadamu hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo huleta njaa. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kwamba grelini ikiwekwa katika ubongo wa kifaranga, humfanya apunguze kula. Kwa hiyo dawa au kiungo kinachomtia mtu hamu ya kula, usikimbilie kumpa kuku.

Kuku wa Virginia

Jambo la ubongo na hamu ya kula limechunguzwa kwa miaka mingi huko Marekani, katika chuo kikuu cha Virginia Tech. Mwaka 1957 Profesa Paul Siegel alianza kuchagua kuku weupe wa aina ya Plymouth Rock kwa kufuata uzito wao wa siku 56. Wazito walizalishwa na wazito, wepesi na wepesi. Baada ya vizazi vingi, kuku wa ukoo mzito wakawa na uzito zaidi ya mara kumi ya wenzao. Wazito hula kupita kiasi. Katika ukoo mwepesi, wengine hawaanzi kula kabisa wakiwa vifaranga, hata chakula kiwe tele.

Baadaye watafiti waliwachukua vifaranga wa ukoo mwepesi walioanguliwa karibuni, wakawatia kwenye baridi na kuwacheleweshea chakula. Siku chache baadaye wakawadunga ile nyuropeptidi Y. Ubongo wao haukuitika kama inavyotakiwa. Dhiki ya mwanzo ilikuwa imeharibu mlango wa njaa.

Vifaranga wetu si wa ukoo huo, na wengi wao hustahimili zaidi. Lakini tuliposoma habari hii, tulikumbuka lile jiko ambalo hatukuliwasha.

Basi tufanye nini?

1. Washa jiko mapema. Bruda iwe na joto saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika. Juma la kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila juma. Kama huna kipimajoto, waangalie wenyewe. Wakirundikana, ni baridi. Wakikimbilia pembeni huku wakihema, ni joto jingi, na joto jingi pia huua hamu ya kula. Ukitumia makaa, acha nafasi ya hewa kupita, maana hewa ya makaa huua.

2. Usitegemee kiini cha yai. Ni kweli kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini tumboni, inayoweza kumshikilia siku mbili au tatu. Hiyo ni akiba ya safari. Akifika tu, apewe maji na chakula.

3. Wafundishe kula. Kuku mama huwaita watoto wake na kudonoa mbele yao. Bruda haina mama, basi wewe ndiwe mama. Tandaza gazeti juu ya maranda, nyunyiza chakula, kisha gongagonga kwa kidole. Utawaona wanakuja kudonoa.

4. Papasa shingo. Baada ya siku moja, shika vifaranga 20 kutoka pembe mbalimbali. Angalau 19 wawe na kifuko kilichojaa na laini. Wakipungua, angalia joto, mwanga na maji kabla ya kulaumu chakula.

5. Punguza hofu. Watoto, mbwa na kelele zikae mbali siku za kwanza.

Kile kikundi chetu kiliagiza tena baada ya miezi minne. Safari hii jiko liliwashwa tangu asubuhi, na mama mmoja akalala kando ya bruda. Walikufa 7 tu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Vifaranga wetu wa mwisho walikaa muda gani njiani bila maji na chakula?
2. Ni nani kati yetu atakayewasha jiko, na saa ngapi?
3. Tulipopoteza vifaranga, tulilaumu nini? Je, tulipapasa shingo zao?