Kuhama Jimbo Baada ya Kuingia Kanada kwa Uteuzi

Jimbo la Manitoba lilikuteua upewe ukaazi wa kudumu, ukaazi umeupata, sasa kazi nzuri imejitokeza Calgary, jimbo jingine. Kwenye kundi la WhatsApp mmoja anakutisha kwamba utanyang'anywa karatasi, mwingine anakwambia funga mabegi usiku huu. Usimsikilize yeyote kati yao. Fuata mpangilio.

1. Angalia umefikia wapi. Kama ombi la ukaazi bado liko mezani, tulia. Ulipoteuliwa ulisema unakusudia kuishi jimboni humo. Nia ikibadilika, jimbo linaweza kufuta uteuzi na ombi likaanguka nao. Lakini ukishakuwa mkaazi wa kudumu, kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada wa mwaka 1982 kinakupa haki ya kuishi na kufanya kazi jimbo lolote. Huombi ruhusa kwa mtu.

2. Tunza ushahidi wa nia. Hapa ndipo wengi wanapozembea. Kuhama si kosa. Kosa ni kudanganya kuhusu nia yako wakati wa kuomba au siku ya kukamilisha ukaazi. Adhabu yake ni nzito: unaweza kupoteza ukaazi na kufungiwa miaka 5. Aliyeteuliwa na Manitoba akatua Winnipeg asubuhi huku tiketi ya jioni ya kwenda Toronto, jimbo jingine, iko mfukoni amejitengenezea kesi mwenyewe. Kwa hiyo weka mkataba wa pango, bili, hati za mshahara na barua za shule ya watoto. Weka pia barua pepe za kunyimwa kazi. Watu huzifuta kwa hasira, kumbe ndizo zinazoonyesha kwamba ulijaribu kweli. Na ukiambiwa lazima ukae miaka 2, uliza imeandikwa wapi. Barua yako ya uteuzi na mkataba wowote uliosaini, hasa kama uliingia kwa njia ya biashara, ndivyo vya kusoma.

3. Shughulikia leseni ya taaluma kabla ya kuacha kazi. Muuguzi au mwalimu husajiliwa na jimbo, na usajili wa pili huchukua muda.

4. Usikae bila bima ya afya. Jiandikishe mara tu ufikapo. Baadhi ya majimbo humsubirisha mgeni hadi miezi 3. Katika muda huo jimbo ulilotoka huendelea kukulipia daktari na hospitali. Gari la wagonjwa na dawa za kununua mara nyingi hazimo, basi chukua dawa zako za kutosha kabla ya safari.

5. Badilisha anwani. Anza na idara ya uhamiaji kama kadi yako ya ukaazi haijafika, kisha mamlaka ya kodi, hasa ukiwa unapokea posho ya watoto. Leseni ya udereva ina muda wake: Ontario siku 60, Alberta 90. Namba ya SIN (namba ya bima ya jamii) haibadiliki kwa kuhama, na siku 1,095 za kuwepo nchini zinazotakiwa ili kuomba uraia zinahesabiwa popote Kanada.

6. Tazama kalenda ya kodi. Kodi ya jimbo ya mwaka mzima kwa kawaida hufuata mahali ulipokuwa ukiishi tarehe 31 Desemba. Kama umehama kwa ajili ya kazi, na nyumba mpya imekusogeza angalau kilomita 40 karibu nayo, tunza risiti za lori na nauli: gharama hizo hupunguzwa kwenye mapato ya kazi hiyo mpya.