Altezza iliyotumika: ikague injini ikiwa baridi
Wadau, mimi nauza viatu mtandaoni hapa Kaloleni, na najua gari moja linavyoweza kumeza mtaji wote. Ukiitamani Altezza, kumbuka Toyota waliacha kuitengeneza 2005, kwa hiyo hakuna mpya hata ing'ae vipi.

Nenda asubuhi na fundi wako, siyo wa muuzaji. Mwambie asiiwashe kabla hamjafika, maana injini iliyoshapata moto inaficha mengi. Ikiwashwa, simama nyuma uangalie eksozi: moshi wa bluu ni oili inaungua, na kufungua injini siyo hela ya mchezo.

Namba ya chesisi ifanane na ya kwenye kadi. Deni la trafiki pia angalia. Akikataa ukaguzi, advansi sitoi.