Wanafunzi wa Tiba na Maktaba ya Kujihudumia: Somo kutoka Mwambao wa Tanganyika

Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Kigoma, na kipindupindu kikazuka kati yao. Meli ya MV Liemba ilishiriki kuwasafirisha hadi Kigoma mjini. Katika hali kama hiyo mhudumu wa afya hana muda wa kumngoja mkutubi afungue mlango. Mgonjwa aliyepungukiwa mno na maji hutundikiwa Ringer lakteti mililita 100 kwa kila kilo ya uzito: 30 za kwanza ndani ya nusu saa, 70 zinazosalia ndani ya saa mbili na nusu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kiasi kilekile, ila 30 kwa saa nzima na 70 kwa saa tano. Anayesahau tofauti hiyo usiku wa zamu hana budi kuitafuta mwenyewe, tena upesi.

Nyenzo ipo. Tangu Januari 2002 Shirika la Afya Duniani limeendesha HINARI, ambayo leo ni sehemu ya Research4Life, ili taasisi za nchi za kipato cha chini zisome majarida ya tiba bure au kwa gharama ndogo. Kwa Kigoma, iliyo mbali na Dar es Salaam kwa takriban kilomita 1,250 za reli, hilo si jambo dogo.

Mwaka 1989 mtafiti Mmarekani Fred Davis alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia akiamini kuwa itamfaa na kuwa haitamsumbua. Akaona pia kwamba manufaa huwa na uzito kuliko wepesi. Lakini HINARI hufunguliwa kwa nywila ya taasisi. Mwanafunzi ambaye hakupewa hugonga mwamba, kisha hurudi kwenye picha za madaftari zinazosambazwa kwa WhatsApp. Wakubwa husema vijana hawapendi kusoma. Hukumu hiyo ni ya haraka mno: mtu hawezi kukataa alichofungiwa.

Basi mkutubi agawe nywila wiki ya kwanza, na mafunzo yaanze na swali la mgonjwa, kama lile la mtoto wa kipindupindu, wala si vitufe. Mwongozo ukipatikana, upakuliwe kabla umeme haujakatika, na mwaka wa toleo lake usomwe kabla ya kipimo.