Lalamiko, Shtaka au Dai? Kontra ya Kazi katika Kiswahili cha Kolwezi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Sandoa. Yaya wangu alikuwa amerudi kutoka Kolwezi, alikofanya kazi ya mikono kwa kampuni ndogo iliyopewa kazi na mgodi mkubwa. Jioni moja alinipa mfuko wa plastiki wenye karatasi, akasema: "Weye njo unasoma malugha. Unisomee hii." Karatasi zilikuwa tatu: fomu ya kuajiriwa siku kwa siku, karatasi ya kuthibitisha kwamba amepata mafunzo ya usalama, na karatasi ya kukubali kwamba amelipwa kila alichostahili. Zote ziliandikwa kwa Kifaransa, na zote alikuwa ametia sahihi. Nilipomwuliza alielezwa nini siku ya kutia sahihi, alijibu: "Walisema tu: sinya hapa, ni mambo ya sekirite."

Kifaransa cha karatasi zile nilikielewa. Nilichoshindwa ni kumwambia ndugu yangu, kwa Kiswahili anachokisema kila siku, ni kitu gani alichokubali. Mimi ni mwanafunzi wa lugha wa mwaka wa tatu. Naweza kuchambua ngeli na minyambuliko ya vitenzi, lakini jioni ile nilikwama kwenye maneno manne au matano. Makala haya yanahusu maneno hayo. Hoja yangu ni kwamba wajibu wa kampuni kwa haki za watu wake unaanzia kwenye lugha, na kwamba sehemu ya kazi hiyo ni yetu sisi wa kitivo hiki.

Lugha ya kuamriwa na lugha ya kuandikwa

Kiswahili hakikuanzia kwenye migodi ya Katanga, lakini migodi ndiyo iliyokipa nguvu huku. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Ilikusanya wafanyakazi kutoka mbali, wenye lugha nyingi tofauti, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, amechunguza vitabu vidogo vya Kiswahili walivyoandikiwa Wazungu wa Katanga, na ameonyesha jinsi lugha ilivyotumika kama chombo cha kutolea amri. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ilijenga nyumba, shule na hospitali kwa ajili ya wafanyakazi na familia zao, ikagawa posho. Hata hivyo, tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi na askari huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mtu aliweza kutunzwa na kampuni bila kusikilizwa.

Tangu zamani hizo kazi imegawanyika kati ya lugha mbili: mfanyakazi anaamriwa kwa Kiswahili, lakini haki zake zinaandikwa kwa Kifaransa. Gécamines ilirithi mgawanyo huo, na kampuni za leo zimeurithi pia. Jambo jipya ni kwamba kati ya mgodi na mfanyakazi sasa kuna mtu wa tatu. Mwaka 2021 mashirika ya RAID ya Uingereza na CAJJ ya Kolwezi yalitoa ripoti juu ya migodi mitano ya kobalti. Ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi hawakuajiriwa na mgodi wenyewe, bali na kampuni zilizo chini yake. Yaya alikuwa mtu wa namna hiyo. Kofia yake ilikuwa na jina moja, na fomu yake jina lingine.

Sheria inasema nini

Kanuni ya Kazi ya nchi yetu ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kwa habari ya yaya, vifungu vitatu vinatosha.

Kwanza, mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akiisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akaajiriwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, kontra yake mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Pili, kontra isiyoandikwa nayo inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tatu, kila kampuni ina wajibu wa kuwafundisha wafanyakazi wake na kuwaendeleza katika ufundi wao. Kwa ajili hiyo serikali ina chombo chake, INPP, tangu mwaka 1964.

Nilipomweleza yaya kifungu cha kwanza, alianza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa akifanya kazi siku sita kwa juma. Siku 22 alizimaliza kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, akaendelea miezi mitano. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi ile kazi ilikuwa yangu." Sheria ilikuwapo miaka yote hiyo, ila haikuwa imemfikia katika lugha yake.

Mbele ya mataifa, mwongozo unaotajwa zaidi ni Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya biashara na haki za binadamu, zilizopitishwa na Baraza la Haki za Binadamu mwezi wa Juni 2011. Zinasimama juu ya nguzo tatu: dola kulinda haki, kampuni kuziheshimu, na aliyeumizwa kupata haki yake. Kanuni ya 31 inataka njia ya kupokea madai iwe wazi kwa wote, na maelezo yake yanataja vizuizi kwa majina: kutojua kwamba njia hiyo ipo, lugha, kutojua kusoma, gharama, umbali, na hofu ya kulipiziwa kisasi. Lugha imetajwa hapo waziwazi. Kampuni inayoweka sanduku la maoni langoni pa mgodi lenye fomu za Kifaransa peke yake bado haijafungua njia.

Maneno matatu ya kupima

Sasa nije kwenye somo lenyewe. Kufasiri kontra kwa kamusi ni rahisi. Shida ni kwamba neno linaweza kuwa sahihi katika kamusi na likampotosha mfanyakazi. Nachukua mifano mitatu niliyoijaribu na yaya na jirani zetu waliowahi kufanya kazi Kolwezi.

Mfano wa kwanza ni neno la Kifaransa responsabilité. Tuna angalau maneno matatu: wajibu, dhamana na madaraka. Niliposema "madaraka ya kampuni", wote walielewa mamlaka ya wakubwa wa kazi, yaani haki ya kuamuru. Niliposema "wajibu wa kampuni", mmoja aliuliza: "Wajibu kwa nani?" Swali hilo ndilo nililolitaka. Wajibu una mtu wa upande wa pili anayeweza kuuliza kama umetimizwa. Madaraka hayana mtu huyo.

Mfano wa pili ni formation. Yaya alitia sahihi kwamba amepata "mafunzo". Kilichotokea ni kwamba walisimamishwa asubuhi moja, wakaonyeshwa mahali pa kupita na mahali pa kutopita. Hayo ni maelekezo. Maelekezo ni ya lazima na yanaokoa maisha, lakini yanabaki mgodini siku mtu anapoondoka. Mafunzo ni kile anachoondoka nacho: kuendesha mashine, kuchomelea, kusoma mchoro, pamoja na cheti cha kumwonyesha mwajiri mwingine. Kampuni ikiandika "mafunzo" mahali pa "maelekezo", hesabu yake ya maendeleo ya wafanyakazi inapanda bila mtu yeyote kuendelea. Mfasiri akiyachanganya, anaisaidia kufanya hivyo.

Mfano wa tatu ni plainte, na huu ndio mgumu zaidi. Neno la kwanza linalokuja ni "malalamiko". Jirani mmoja alicheka: "Kulalamika ni kazi ya watoto." Kwake mlalamikaji ni mtu wa kulialia. Neno la pili ni "mashtaka", na hapo uso wake ulibadilika. Shtaka linakwenda polisi na mahakamani, na anayemshtaki mkubwa wake hatapata kazi tena. Nikajaribu "dai". Aliitika mara moja: "Nakudai" ni maneno ya sokoni, ya mtu ambaye mali yake iko mikononi mwa mwingine. Anayedai halii wala hagombani. Anafuata kilicho chake. Tangu siku ile naandika "fomu ya madai".

Wengine watasema Tanzania imetutangulia, maana mwaka 2021 walibadilisha sheria yao ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni kweli, na istilahi zao zinatufaa sana. Lakini "mkataba wa ajira" ulipita juu ya vichwa vya jirani zangu, na "kontra ya kazi" haikuhitaji maelezo. Tukope Dar es Salaam, kisha tupime Kolwezi.

Kazi iliyo mbele yetu

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kifungu chake cha 18 kinataka mtu anayekamatwa aambiwe sababu katika lugha anayoielewa. Kama anayekamatwa anastahili hilo, sioni kwa nini anayeajiriwa astahili pungufu.

Napendekeza mambo mawili kwa kitivo. La kwanza ni msamiati mdogo wa kontra, wa maneno hamsini hivi, uandaliwe nasi na kusomwa na wenzetu wa sheria. La pili ni namna ya kuupima: msomee mfanyakazi kifungu kimoja, kisha mwombe akieleze kwa maneno yake. Usimwulize kama ameelewa, maana kila mtu hujibu ndiyo. Akikosea anapoeleza, kosa ni la tafsiri, nasi turudi tukaandike upya.

Zoezi kwa wasomaji: tafuta karatasi yoyote ya kazi katika familia yako, chagua sentensi tatu, zifasiri, kisha zipime hivyo. Andika neno lililomkwamisha msikilizaji na lile lililomfungua. Orodha zetu zikikusanywa, msamiati utakuwa umeanza.

Kuhusu yaya, ugomvi wa mfanyakazi mmoja na mwajiri hupitia kwanza kwa mkaguzi wa kazi ili wapatanishwe, kabla ya mahakama. Tuliandika dai lake kwa Kiswahili, tukaweka Kifaransa chini yake, na amerudi Kolwezi nalo. Jibu bado. Kabla ya kupanda gari alilisoma lote kwa sauti mbele ya mama, kuanzia neno la kwanza hadi sahihi yake, na mama hakuhitaji kuuliza lolote.